Besi na Ngoma Chumba Kimoja

Kama yupo mtu aliyewahi kumwona Saa ya Ukuta akichelewa, ajitokeze tumpe kiti atusimulie, maana mkewe aliyelala naye chumba kimoja miaka yote hiyo hajawahi kuona. Jina hilo alibandikwa na wanamuziki wenzake zamani, alipokuwa bado kijana mwembamba anayepiga besi iliyomzidi kimo, ile kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama kama anacheza na mchumba. Watu wa jazi mnawajua. Mpiga tarumbeta akishangiliwa anakimbia, mpiga kinanda akinuna anajivuta. Yeye hakimbii, hajivuti. Wimbo ukianza kwa mwendo fulani, utaisha kwa mwendo huohuo hata paa liezuke.

Mkewe ni fundi cherehani, na bendi nzima ilimwita Fundi. Walikutana kwa sababu ya mapazia. Jamaa alikuwa amepanga ghala la zamani la unga, analigeuza studio ya kurekodia, akamwita aje kupima. Fundi akaingia na tepu yake shingoni, akazunguka huku na huku.

"Madirisha yako wapi?"

"Hakuna madirisha."

"Sasa kaka yangu, pazia la nini pasipo dirisha?"

"La kunyamazisha ukuta."

Fundi akajua leo kapatikana, kaitwa na mwehu. Alikuwa anakusanya vitu vyake aondoke, yule mwehu akamwambia, "Njoo kwanza. Weka kiganja chako hapa ubavuni mwa besi." Akaweka. Jamaa akavuta uzi ule mnene kuliko yote, mara moja tu, akauacha.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu," alisema Fundi, na hakusema uongo, kwa sababu ile sauti haikupita masikioni. Ilipanda mkono, ikaingia kifuani, ikakaa humo. Alitoka pale bila tepu yake, na kesho yake akairudia akiwa amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya sherehe. Mengine mnajaza wenyewe.

Ila Fundi alikuwa na siri moja ambayo haikuwa siri: besi yenyewe, kwenye santuri na redioni, alikuwa haisikii. Anasikia tarumbeta, anasikia kinanda, anamsikia mwimbaji mpaka anavyovuta pumzi. Besi, wapi! Majirani wakimuuliza mumewe anapiga nini, alikuwa akijibu, "Anapiga kile kisichosikika," nao wakicheka, yeye anacheka nao. Mumewe hakukasirika hata siku moja. Alisema besi ikisikika sana ujue kuna mtu amekosea.

Alichokiogopa Fundi, kwa maana ya kumsisimua mwili, ni masikio ya mtu yule. Jamani, yale hayakuwa masikio ya kawaida. Alikuwa akikaa kwenye meza ya sauti, macho kafumba, wanamuziki wanapiga upande wa pili wa kioo, mara anainua mkono. Kimya. "Dada mwimbaji, bangili yako ya mkono wa kushoto ni mpya." Yule dada anaificha mikono nyuma kama kakamatwa anaiba. Siku nyingine alisimamisha kazi kwa sababu friji la jikoni, vyumba vitatu huko, linanguruma sauti isiyopatana na wimbo. Fundi alikwenda kulizima mwenyewe, akarudi, akasimama mlangoni anamtazama mumewe kwa nyuma, na akashukuru kimoyomoyo kwamba hakuzaliwa na masikio hayo, maana angeyapeleka wapi?

Sheria ya studio ilikuwa moja tu: sauti isivuje. Besi ilipigwa ndani ya kijumba cha kioo. Ngoma zilizungushiwa ukuta wa magodoro, na juu ya magodoro yakaning'inia mapazia ya Fundi, mazito kama blanketi za hospitali. Kila chombo na maiki yake, kila maiki na njia yake kwenye utepe wa kurekodia. Ukifanya hivyo, mtu akikosea unafuta pake peke yake, anapiga upya, wengine hawaguswi. "Kosa la mmoja lisimharibie mwenzake," alikuwa akisema, na kila aliyesikia alitikisa kichwa kwa kukubali. Mtu asiye na ngoma zake mle ndani angekubali tu.

Mwenye ngoma alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Huyo walimwita Radi. Tangu utotoni walikuwa wawili kama soksi. Besi ya kwanza ya Saa ya Ukuta ilikuwa debe la mafuta, mti wa ufagio na waya wa kuanikia nguo alioukata uani, na ngoma za kwanza za Radi zilikuwa vifuniko vya sufuria. Shangazi yao, aliyewalea, alitoka asubuhi akakuta shuka zake ziko chini kwenye matope na vijana wawili wanapiga wimbo usio na maneno, wanacheka. Aliwatandika wote wawili. Halafu, na hili alikuwa akilisimulia mwenyewe mpaka uzeeni, akaketi kizingitini akawaambia haya, rudieni. Wimbo ule hawakuurekodi kamwe. Waliuita Waya wa Shangazi, na waliupiga wakiwa peke yao tu, kujipasha moto kabla watu hawajaja.

Sasa sikiliza lilipoharibika.

Walikuwa wanatengeneza santuri iliyokuja kuwajulisha kwa watu. Radi alikuja kurekodi akiwa na homa, hakumwambia mtu, na kwenye wimbo mmoja mwendo ukamponyoka. Kidogo tu. Mimi na wewe tusingegundua. Lakini Saa ya Ukuta aligundua, na badala ya kumngoja ndugu yake apone, akamwita mpiga ngoma wa bendi ya polisi mchana mmoja, akafuta ngoma za Radi, yule bwana akazipiga upya. Hakumwambia Radi. Alidhani anamfichia aibu, eti! Mtu mwenye masikio ya kusikia bangili hakusikia alichokuwa anakifanya.

Radi aliusikia wimbo kwa kinyozi, kichwa kimejaa povu. Watu wote mle ndani wakaanza kumpongeza. "Radi, hapa umepiga! Hapa umetuua!" Yeye ameketi kwenye kiti anasikiliza mkono wa mtu mwingine, na kila anayempongeza ni kama anamzaba kofi. Alitoka pale nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa.

Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea cha Fundi akasema, "Shemeji, mwambie mumeo kuanzia leo sina la kusema naye." Fundi akadhani ni hasira za wiki. Zikawa za mwaka, zikawa za miaka, mvi zikawaota wakiwa wamenuniana.

Na hapa ndipo penye ajabu. Hakuna aliyeacha bendi. Kila mwisho wa wiki walipanda jukwaani, mmoja na besi yake, mwingine nyuma ya ngoma zake, hatua chache kutoka kwa mwenzake, na walipiga kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Wapenzi wa muziki waliokuja kutoka mbali walisema hawajawahi kuona besi na ngoma zinazosikilizana namna ile. Wakishuka jukwaani, Radi anamgeukia Fundi: "Shemeji, mwambie huyo bwana wimbo wa pili aanze yeye." Na huyo bwana yuko hapohapo, anafuta nyuzi kwa kitambaa. "Mwambie sawa." "Anasema sawa." Fundi amepeleka salamu za rambirambi namna hiyo, amepeleka habari ya mtoto kuzaliwa, amepeleka hata ugomvi. "Mwambie ni mjinga!" "Shemeji, nimesikia, sina haja ya kuambiwa." Ukicheka, cheka, lakini yeye kuna siku alijifungia chooni akalia, kisha akanawa uso akarudi kazini.

Baada ya santuri zikaja kanda, baada ya kanda zikaja kompyuta. Binti wa Saa ya Ukuta na Fundi akakua, akakaa kwenye meza ya sauti badala ya baba yake, akajifunza sheria ileile: sauti isivuje. Vijana kutoka kila mahali walikuja kurekodi kwa mzee asiyechelewa. Ndipo mikono ya Radi ikaanza kutetemeka.

Mwanzoni alisingizia baridi. Baadaye kikombe kikaanza kugonga kisahani chake, na daktari akamweleza wazi kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Radi akaja tena kwenye chumba cha kushonea, akakaa kwenye kigoda cha wateja, mikono kaibana katikati ya magoti.

"Shemeji, mwambie kaka yangu nataka kurekodi Waya wa Shangazi. Mimi na yeye tu. Kabla mikono hii haijanitoroka kabisa."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile kumsikia akisema kaka yangu.

"Na mwambie," Radi akaongeza, "nitakavyopiga ndivyo nitakavyopiga. Asimwite mtu."

Fundi alimpelekea mumewe maneno yale kama yalivyo, hakupunguza, hakuongeza. Mzee akafuta nyuzi za besi zilizokwisha kufutwa. "Mwambie Jumamosi asubuhi," akasema mwishowe, basi, hakuna zaidi.

Hapo Fundi akaingiwa na hofu. Alimjua mtu wake. Anaweza kuahidi leo kwa moyo safi kabisa, na keshokutwa, akiwa peke yake na yale masikio, asiweze kuvumilia ngoma inayoyumba. Na siku hizi wala hahitaji mpiga ngoma wa polisi. Binti ana kompyuta. Anabonyeza, kila pigo linahamishwa mahali pake, limenyooka kama pindo la suruali ya askari. Radi akifanyiwa vile mara ya pili, atakwenda kaburini akiwa ameporwa mikono yake mara mbili.

"Nisikilize vizuri," alimwambia mumewe wakiwa mezani. "Ukimgusa tena ndugu yako, nitakuja kwenye studio yako na mkasi, nishushe mapazia yangu yote, nikuachie kuta."

"Mapazia hayo," akasema Saa ya Ukuta, "nilikuwa nafikiria niyashushe mwenyewe." Fundi hakumwelewa, na alikasirika, maana alidhani anamdhihaki.

Jumamosi alipofika studio alikuta vumbi limejaa hewani. Mzee yuko juu ya ngazi, anafungua mapazia kwenye ndoano zake, na magodoro yote yameburutwa hadi uani, yamelala juani kama ya shule ya bweni. Kijumba cha kioo kiko wazi, kitupu. Besi imesimamishwa katikati ya chumba, karibu kabisa na ngoma, mpaka anayepiga angeweza kunyoosha mkono amguse mwenzake. Binti alikuwa amejishika kichwa.

"Mama, ongea naye! Baba anataka wapige hapo hapo pamoja, bila kizuizi. Sauti zitavuja! Ngoma zitaingia kwenye maiki ya besi, besi itaingia kwenye maiki za ngoma. Haya si yeye aliyenifundisha?"

"Acha zivuje," alisema mzee kutoka juu ya ngazi.

Radi aliingia na vijiti vyake mfukoni mwa koti. Akasimama mlangoni. Akatazama pale ambapo maisha yake yote palikuwa na ukuta wa magodoro.

"Shemeji, mwambie amesahau magodoro."

"Mwambie sijasahau."

"Anasema hajasahau."

Radi akaenda akaketi nyuma ya ngoma. Mikono ilikuwa inatetemeka waziwazi, hakuificha tena. Fundi akapita upande wa pili wa kioo, akasimama nyuma ya binti yake, akishika mgongo wa kiti.

Walianza. Wimbo ule ni mwepesi, wa kitoto, unatembea kama mtu anayeruka madimbwi. Kwa muda kila kitu kilikwenda sawa na Fundi akaanza kupumua. Kisha kijiti cha mkono wa kulia kikachelewa. Aliona mabega ya binti yake yakikakamaa. Akamtazama mumewe, na akaona jambo ambalo hajawahi kuliona.

Macho yalikuwa wazi. Mtu aliyepiga maisha yake yote akiwa amefumba macho, anasikiliza saa iliyoko ndani ya kichwa chake, leo alikuwa anautazama mkono wa ndugu yake. Kijiti kilipochelewa, kidole chake kikachelewa nacho. Si baada yake. Nacho! Mkono wa Radi ukashtuka, ukakimbia mapigo mawili, na besi ikakimbia pembeni yake. Ukasita, besi ikasita, ikangoja, ikashuka pamoja nao. Alijuaje? Mtetemo hauna ratiba, hata mwenye mkono hajui utakuja lini, na yule mzee alikuwa pale kila ulipofika, kila mara, kama mtu anayeshuka ngazi na mgonjwa, anamshika kiwiko, wala hamhimizi. Kila pigo lililoyumba lilikuta besi iko chini yake, likasimama. Na wimbo haukuharibika. Ulipumua. Ulikuwa wimbo wa watu wawili waliochoka wanaorudi nyumbani wakicheka, na ukisikiliza ungeapa kwamba ulitungwa hivyo tangu siku ya shuka na matope.

Fundi aligundua kwamba machozi yanamtiririka na kwamba anaisikia besi. Anaisikia kwa masikio yake mwenyewe, uzi kwa uzi! Ilikuwa siku zote hapo, imembeba kila mtu, na yeye mke wa mtu alikuwa akiwachekesha majirani. Alitaka kumwambia binti yake, akamfinya bega tu.

Walipomaliza hakuna aliyesogea mpaka toazi lilipoacha kulia lenyewe.

Radi ndiye aliyetangulia kuingia chumba cha meza ya sauti, mzee nyuma yake. Kwenye kioo cha kompyuta mapigo ya ngoma yalionekana kama meno ya kichana kilichokanyagwa, mengine yamebanana, mengine yameachana. Radi akayaonyesha kwa kidole.

"Shemeji, muulize kama ataninyoosha."

Fundi hakupata nafasi ya kuuliza. Binti, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alimtangulia kujibu. "Baba mdogo, ukitaka naweza kunyoosha kidogo tu, si kazi." Akabonyeza. Mapigo yakajipanga. Akaufungulia wimbo, na kila mtu akakunja uso: kila pigo lilisikika mara mbili, moja kwenye ngoma pale lilipohamishwa, na jingine, lile la kweli, likilia mahali pake ndani ya maiki ya besi. Ilikuwa vurugu tupu. Binti akajaribu tena, akatikisa kichwa.

"Haiwezekani. Baba mdogo yumo ndani ya besi. Hata nikizifuta ngoma zote, bado yumo. Nikimtoa yeye lazima nimtoe na baba." Akageuka. "Baba, si nilikwambia zitavuja?"

"Ndivyo nilivyotaka," alisema Saa ya Ukuta. Hakuwa anamtazama binti. "Najijua. Leo nimeuona wimbo ni mzuri, lakini kesho nitaamka na masikio haya, nitakaa hapa peke yangu, nitaanza kutamani. Sasa hata nikitamani, siwezi. Hakuna awezaye kumtoa. Hata mimi."

Radi akamgeukia mke wa kaka yake kama alivyozoea.

"Shemeji," akasema, "mwambie..."

"Mimi nimestaafu," alisema Fundi, akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Yuko hapo. Mwambie mwenyewe."

Radi alibaki kainamisha kichwa, anatazama vijiti vyake.

"Kaka," akasema.

Na Saa ya Ukuta, mtu ambaye hajawahi kuchelewa pigo, alishindwa kuitika. Alisogea akaishika mikono yote miwili ya ndugu yake, ile inayotetemeka, akaishikilia, na mikono yake ikatetemeka pamoja nayo.

"Nilikukosea, mdogo wangu," akasema mwishowe. "Ule mkono ulikuwa wako. Nilikukosea sana."

"Sana," alisema Radi, analia. "Mpaka kwa kinyozi, kaka. Nina povu kichwani!"

Ndipo wakaanza kucheka, wazee wawili wameshikana mikono, wanacheka na kulia kwa pamoja. Binti aliuliza kwa sauti ndogo kama ayarudishe magodoro ndani kabla jua halijayachoma. Fundi akamwambia yaache hukohuko, akavuta kiti kingine, akamwomba aufungulie wimbo tangu mwanzo, kwa sauti ya juu.